Sifa za Malafyale Kamasi

Mchele wa Kyela una wasifiaji, kakao inao. Kamasi hana msemaji. Leo namvika cheo cha malafyale, kama machifu wetu wa Kinyakyusa. Hapa Makwale, Kyela, masika yakikolea, kuni zikalowa na moshi ukagoma kutoka jikoni, nani anakesha kazini katika pua ya mkulima na ya diwani bila posho? Vumbi la pumba, masizi, chavua, vyote hunasa kwake. Kisha vijinywele visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga mara 10 na zaidi kwa sekunde, humsukuma hadi kooni, nasi tunammeza pasipo hata kusema ndaga, yaani asante.

Mtazame mtoto wa darasa la kwanza asubuhi ya Juni. Mistari miwili inashuka, inakaribia mdomo, fyuu! imerudi ilikotoka, inaanza upya. Gwaride gani lina nidhamu hiyo?

Wanaomlaumu kwa sainasi wanamwonea. Kosa ni la fundi. Vyumba vya sainasi vya mashavuni, vikubwa kuliko vyote, tundu lake liko juu karibu na jicho, mithili ya bafu lililotobolewa njia ya maji darini. Malafyale hupanda ukuta maisha yake yote! Mafua yakivimbisha utando, tundu huziba, naye hufungiwa ndani na bakteria. Ukiinama kupandikiza mpunga, uso mzima unagonga.

Na ukoo nao una lake. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walionyesha kuwa TAS2R38, kipokezi kinachoonja uchungu ulimini, kimo puani pia. Huko hudaka kemikali ambazo bakteria hupashana habari kwazo, na seli zikajibu kwa oksidi ya nitriki, gesi inayoua bakteria na kuharakisha vijinywele. Aliyerithi jeni dhaifu kwa baba na kwa mama hausikii sana uchungu wa kabichi, na sainasi humwandama zaidi. Shemeji akimaliza sahani ya kabichi huku akisifia utamu, mwandalie leso.

Gesi hiyo hutengenezwa kwa wingi ndani ya sainasi zenyewe. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden waliona kuwa ukiguna wimbo midomo imefumbwa, gesi inayotoka puani huongezeka takribani mara 15, ilimradi matundu hayajaziba. Kwa hiyo mwalimu wa kwaya aliyemtoa mtu wa besi kwa kuvuta kamasi katikati ya pambio amrudishe upesi, ampe sehemu ya kuguna, na kiti karibu na mlango.