Ubao wa Kobe kwenye Mnada wa Katesh

Kobe wa Katesh alikuwa fundi wa kuchonga. Alishirikiana na Pimbi, mkaa miamba ya Mlima Hanang mwenye kichwa cha kutunga kanuni, na Kinyonga aliyepaka rangi. Watatu hao walitengeneza ubao wa mchezo wenye mashimo na punje kumi za mahindi: tisa nyeupe, moja nyeusi. Wachezaji huketi duara, kila mmoja akachota punje yake gizani na kuificha. Aliyepata nyeusi ndiye Fisi. Wenzake wanahangaika na kazi za boma, yeye anawala mmoja mmoja, na kila anapoliwa mwenzao duara zima linashitakiana: wewe ulikuwa wapi, nani alikuona, mbona umenyamaza?

Siku ya mnada wakaupeleka. Bwana mnada alikuwa Nyati, naye alikuwa na utaratibu wake: aliyeuza sana mnada uliopita hukaa mbele, penye kivuli na njia ya wapitaji, asiyeuza hukaa nyuma kabisa, kwenye vumbi la mifugo. Ushuru walilipa sawa. Basi Tembo alikaa mbele kwa sababu aliuza, na aliuza kwa sababu alikaa mbele. Juu ya kibanda chake walitua Kunguru wa kulipwa, wakisifu tangu alfajiri bidhaa ambazo hawakuwahi kuzigusa.

Waliofika nyuma kwa Kobe waliona kipande cha mti na punje za mahindi. "Mahindi tunayo nyumbani," wakasema, wakapita. Siwalaumu. Chungu unakigonga ukajua kama kina ufa. Mbuzi unamfumbua kinywa ukaona meno. Mchezo uliolazwa juu ya mkeka hauna cha kuonyesha. Utamu wake uko kwenye ugomvi wa wanaoucheza, na ugomvi huo haupo mnadani.

Wanunuzi wakawa wachache: Nguchiro na nduguze, na heroe wawili wa Ziwa Balangida. Kila mnada walirudi na malalamiko, kwamba shimo hili ni jembamba, kanuni ile inampendelea Fisi, na kila mnada uliofuata Kobe alikuwa amesharekebisha. Tembo aliona ni upuuzi kumhangaikia mteja aliyekwisha kulipa. Kwangu mimi hapo ndipo ubao ulipookoka, ingawa kwa miaka miwili hakuna aliyeliona hilo.

Ikaja masika nzito. Udongo mweusi wa Basotu ukanasa miguu, njia ya Haydom ikafungwa, kila mnyama akabaki kwake na uchovu wa kukaa bure. Heroe mmoja alikuwa ameubeba ubao hadi Bonde la Yaeda, na huko akamfundisha Mlembe.

Mlembe ni yule ndege mdogo anayewaita Wahadzabe kwa mlio wake, tawi hadi tawi, mpaka penye nyuki. Hawaiti kwa ukarimu. Anajua nyuki walipo, lakini hana moshi wala shoka. Bila binadamu wa kupasua gogo, nta iliyomo haipati kirahisi. Ubao wa Kobe ukamtia kwenye hali ile ile. Usiku wa kwanza ameonja, usiku wa pili hawezi kucheza peke yake. Akaruka kwa Ngedere, akaruka kwa Digidigi, akafika hadi kwa Nyani wa Dongobesh: "Njooni leo! Jana Nungunungu kaliwa na mpaka sasa tunabishana." Hakusema kwamba ubao ni mzuri. Alisimulia nani alimdanganya nani. Waliokuja, kesho yake nao hawakuwa na budi kuita wengine.

Wanaocheza kwenye simu wameshautambua mchezo wenyewe. Among Us ulitoka Juni 2018, kazi ya watu watatu wa kampuni ndogo ya Marekani, Innersloth: Forest Willard, Marcus Bromander na Amy Liu. Ulikaa karibu bila wachezaji. Ulishika kwanza ugenini, Korea Kusini na Brazil, kupitia watu waliorusha michezo yao moja kwa moja mtandaoni. Katikati ya 2020, korona ikiwa imewafungia watu majumbani, nchi nyingi zikawa zinaulizana msaliti ni nani. Mzizi wake nao ni mchezo wa Mafia, uliotungwa Moscow mwaka 1986 na mwanafunzi wa saikolojia, Dmitry Davidoff, ukasambaa kwa kuchezwa tu. Hata kwenye vibanda vyetu vya gemu, kijana hujifunza mchezo akiwa amesimama nyuma ya mgongo wa anayecheza.

Barabara ilipokauka, wanyama wa Mbulu wakateremka Katesh wakiuliza ubao wa Fisi. Nyati hakujua hata unauzwa upande gani. Wakati huo Kobe alikuwa amechonga nusu ya ubao wa pili, mzuri kuliko wa kwanza, na kanuni zake Pimbi alishazimaliza. Wakautazama umati, wakaweka kando ule mpya. Wanyama walikuwa wakiitana kuucheza huu wa zamani, na mashimo yake mengine yalikuwa bado membamba, wakaketi kuyapanua. Innersloth walifanya hivyo hivyo Septemba 2020: walikuwa wametangaza Among Us 2 mwezi uliotangulia, wakaifuta ili waujenge ule wa kwanza. Nauheshimu uamuzi huo kuliko mauzo yenyewe.

Tembo naye akachonga ubao wake, wa mpingo, mkubwa, akauweka mbele. Akamwita Mlembe na kumtandikia rundo la nta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usifu huu."

"Umeshaucheza, mzee?"

"Mimi nafanya biashara. Sina usiku wa kupoteza."

Mlembe akaitazama nta ile, maana njaa alikuwa nayo kweli. "Mzee Tembo, leo usiku tuko tisa. Ukija kuketi tutakuwa kumi, na kesho nitasimulia kila kona jinsi ulivyoliwa."

Tembo akawatazama Kunguru wake, Kunguru wakatazama chini. Mlembe hakusubiri. Akaruka kwenda kumuuliza Nyati kama amemaliza kukusanya ushuru.