Saa Mbili ya Nani?

Hata sasa niandikapo masikio yangu yangali moto. Majuma mawili hayajatimia tangu usiku ule ambapo simu za wakulima zaidi ya mia wa Mwimbi, wilayani Kalambo, zililia kwa pamoja saa nane ya usiku, na kila aliyepapasa gizani akaifungua yake alisoma maneno haya: "Ndugu mkulima, zamu yako imefika. Mizani inakusubiri."

Maneno niliyatunga mimi, kwa ajili ya kupima mahindi. Nilikusudia yawafikie saa mbili asubuhi, uji umekwisha kunywewa na magunia yamekwisha kufungwa. Sikupata kuwaza yatasomwaje usiku wa manane, katika mkoa ambao makao yake makuu ni Sumbawanga, jina ambalo wenyeji hutuambia maana yake ni "tupa uchawi". Bibi mmoja, naambiwa, alimwamsha mwanawe akamwusia ng'ombe. Kabla ya mapambazuko mwenyekiti wa chama cha wakulima hao akanipigia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba utaisikia baadaye, mwanangu. Kwanza niambie: mizani ipi hiyo?"

Taksiri ilikuwa ya tarakimu moja. Ndani ya seva hukaa mtumishi mnyenyekevu aitwaye kroni, ambaye kila dakika huamka, huzipitia amri alizoandikiwa katika sehemu tano, yaani dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi na siku ya juma, na zikiafikiana na wakati uliopo hutenda aliloagizwa pasipo kuuliza. Nami, ambaye tangu utotoni saa mbili kwangu ni saa mbili, nikamwandikia 2. Na la ajabu zaidi ni kwamba hata hiyo 2 mashine yenyewe haiijui, kwani haina asubuhi wala jioni: ina sekunde tu, zihesabiwazo tangu mwaka 1970 ulipoingia kwa saa za Greenwich, kwetu ikiwa saa tisa usiku, na kila tarehe tuionayo kwenye kioo ni tafsiri ya hesabu hiyo ndefu. Mitambo iliyotengewa nafasi finyu itaishiwa na tarakimu tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, kabla halijachomoza jua la nyanda za Ufipa, iliko Sumbawanga, ambalo huchelewa kama nusu saa nyuma ya lile la Dar es Salaam. Habari hii hunifurahisha kama hadithi ya majini.

Walakini furaha hiyo huingia shubiri nikumbukapo kwamba katika daftari la majira ya dunia, alilolianzisha Mmarekani Arthur David Olson na ambalo leo hutegemewa na kompyuta zisizo na idadi, Dar es Salaam imesalia lakabu tu, na hesabu yake huelekezwa Nairobi. Na simu ile ile ikuandikiayo "Mipangilio" kwa Kiswahili fasaha, jua likiwa utosini hukuandikia 12:00. Wametafsiri kila kitu, saa wakaiacha. Nilipolalamika ofisini, mwenzangu alijibu kwamba mtumiaji atazoea. Mtumiaji huyo ni mama aliyetembea tangu alfajiri na gunia kichwani, na kujumlisha au kutoa sita ni kazi ya mtoto wa darasa la kwanza. Mbona basi mashine isifundishwe, bali daima azoeshwe yeye?

Basi nikamwandikia kroni 8. Juma lililofuata seva ikahamishiwa saa za Greenwich, ujumbe ukafika saa tano na mizani imekwisha kufungwa.

Wala makosa yangu hayakuishia kwenye saa: jana, katika Git, ghala la pamoja tunamotunzia programu zetu, nilisukuma kazi yangu kwa nguvu nikafuta ya mwenzangu ya siku mbili. Ni yule yule wa "atazoea", na naapa haikuwa kusudi.

Mwenyekiti ameniomba neno mizani liondolewe kabisa, nami nimeliondoa. Ama yule mwana wa bibi, nasikia ng'ombe amekwisha kuwahamisha.