Utangulizi wa Elimunywila, kwa Mifano ya Ghulail

Kaa wima, mwanafunzi. Unaingia katika elimunywila, taaluma inayochunguza ushirikiano wa mataifa katika usalama wa mtandao. Sayansi nyinginezo, falaki ikiwemo, ni vijitawi vyake.

Fasili: upokezanasiri ni tendo la aliyeko nchi moja kumkabidhi aliyeko nchi nyingine namba za uthibitisho zilizoingia kwenye simu, kabla hazijafa. Maabara yake kuu ilikuwa Ghulail, mtaa wa wahamiaji kusini mwa Jeddah, hadi matingatinga yalipoufikia Oktoba 2021. Wasomi wa juujuu hukimbilia Riyadh, kwenye Jukwaa la Kimataifa la Usalama wa Mtandao la Februari 2020, au huutaja Mkataba wa Malabo, ambao Umoja wa Afrika uliupitisha Juni 2014 na ukaanza kutumika Juni 2023. Miaka tisa! Namba za uthibitisho hufa ndani ya dakika chache. Ghulail haikuwa na anasa ya kusubiri.

Aina ya kwanza: upokezanasiri-shangazi. Mpwa yuko Ghulail, kabla ya matingatinga, anafungua programu ya imo kwa namba ya nyumbani. Laini yenyewe iko Tanga, kwa shangazi. Mpwa anaazima simu: "Shikamoo shangazi. Zile namba zimeingia?" Hapa tutue, maana ndipo penye kina. Shangazi-tarakimu husoma moja moja, kwa sauti ya mtangazaji wa matokeo ya uchaguzi. Shangazi-jumlishi husoma "laki nne na kumi na mbili elfu, mia tatu na tano", na namba hufia kwenye kumi na mbili elfu. Shangazi-miwani hajasoma kitu, anatafuta miwani. Wapo wanaomhesabu huyu kuwa kijitawi cha shangazi-tarakimu. Nimewapuuza kwa muda mrefu na nitaendelea.

Aina ya pili: upokezanasiri-jirani. Saudia, tangu 2016, husajili laini kwa alama za vidole pamoja na iqama, yaani kibali cha ukaazi. Asiye na iqama hutumia laini ya jirani, hivyo siri zake hulala mfukoni mwa mtu mwingine. Aina hii haivuki mpaka wowote isipokuwa ukuta wa chumba. Tuiache.

Aina ya tatu: upokezanasiri-nyang'anyi, ambamo anayeziomba namba ni tapeli. Mwanafunzi mvivu atauliza: shangazi atamtambuaje nyang'anyi, ikiwa wote wawili wanaomba namba zilezile, kwa haraka ileile, kutoka simu asiyoijua? Jibu ni kigezo-adabu. Nyang'anyi huanza na "tafadhali mteja wetu". Mpwa hasemi tafadhali, husema "shangazi, fanya haraka, salio linaisha." Mpwa atakayejitia ustaarabu, akaandika "tafadhali", ujumbe wake utapelekwa 15040, namba ya TCRA ya kuripoti walaghai, na shangazi atakuwa amefuata taratibu zote.