Sifa za Fotokopi Yenye Oili

Kama kuna maandishi yanayosomwa Afrika Mashariki mpaka yanakwisha kabisa, si riwaya wala si kitabu cha mtihani. Ni fotokopi ya mwongozo wa ufundi wa pikipiki: ile iliyobaindiwa kwa pete za plastiki, kava limegeuka rangi ya oili chafu, na ukurasa wa kwanza, wenye onyo la kutonakili, haupo. Wenye hakimiliki wanaiita wizi, wapenda vitabu wanaionea aibu, na wenye simu janja wanaionea huruma. Mimi naisifu. Kati ya mwongozo halali wa dukani, faili la kwenye simu na nakala hii ya haramu, ni hii ya tatu tu inayofanana kwa tabia na pikipiki inayolala mbele yake ikiwa imepasuliwa injini.

Ukoo wake unajulikana. Mwaka 1976 Honda ilitoa CG125, yenye injini ya silinda moja inayofungua valvu kwa fito badala ya cheni, iliyobuniwa kwa kuzifikiria nchi ambako oili hubadilishwa pale inapokumbukwa. Huko Uingereza, kampuni ya Haynes ikaiandikia mwongozo. Mwasisi wake, John Haynes, alianza kazi hiyo akiwa bado mwanafunzi, kwa kijitabu kuhusu gari aina ya Austin 7, na desturi ya kampuni hiyo ikawa ni kuifungua mashine nzima, kuifunga tena, na kupiga picha njiani. Kisha viwanda vya China vikaiiga injini ya CG kwa wingi usiohesabika. Ukiona 156FMI imegongwa ubavuni mwa injini, huenda umekutana na mmoja wa wajukuu hao: 1 ni silinda moja, 56 ni kipenyo chake kwa milimita. Wajukuu hao walikuja huku na kijitabu chembamba kinachoonyesha swichi ya taa iko wapi na kumsihi mwenye chombo avae helmeti. Kuhusu kupasua injini, kimya. Ndipo mafundi wakachukua kitabu cha babu wa Kijapani, kilichoandikwa na Mwingereza, wakakisoma juu ya mjukuu wa Kichina. Kikakubali karibu kila ukurasa. Pikipiki yenyewe ni nakala. Sioni kwa nini kitabu chake kilazimishwe kuwa halisi. (Boxer na TVS za India ni ukoo mwingine, na miongozo yake huandikwa zaidi kwa ajili ya mawakala, jambo linalozidi kuipa steshenari kazi.)

Hoja nzito dhidi ya fotokopi ni ya tarakimu. Nafasi ya tapeti kwenye CG125 ni milimita 0.08 injini ikiwa baridi. Mashine ya kopi ikiishiwa wino, 8 hugeuka 3, na tapeti ikibanwa mno valvu haifungi sawasawa: mgandamizo unapotea, injini ikipata moto inakataa kuwaka, na mwisho valvu inaungua. Ni kweli, na huo ni msiba wa hela nyingi. Lakini Waingereza walituachia wema mmoja, nao ni kutokuamini milimita peke yake. Pembeni ya 0.08 wameandika kipimo hicho hicho kwa inchi, 0.003. Fundi anayeona 0.03 upande mmoja na 0.003 upande wa pili anajua kuwa mmoja wao amelewa, maana milimita 0.03 ingekuwa kama inchi 0.001. Kitabu safi hakimfundishi mtu kushuku. Hiki kinamlazimisha apige hesabu kabla ya kushika spana.

Na mchoro wa waya, je? Kopi imeua rangi zote, kila waya umekuwa mweusi. Hapa naomba msomaji asiwe na haraka. Kwenye Honda, na kwenye nyingi za kuigwa, waya wa kijani ndio ethi, na mweusi ndio unaoleta moto swichi ikiwashwa. Anayefuata macho, aliyezoea mweusi kuwa ethi ya betri, ataunguza fyuzi. Ila wachoraji walizitia nyaya herufi, na herufi hazifi kwa fotokopi kama rangi zinavyokufa. Aliyenyimwa rangi anasoma herufi, na kwa kuzisoma anaponea mtego ambao rangi ingemtegea.

Upande wa faili, watetezi wake husema: ni bure, unakuza picha, unatafuta neno. Mara nyingi faili lenyewe ni fotokopi ile ile iliyopigwa skani, kila ukurasa picha tupu, hivyo hakuna neno la kutafuta. Kukuza ndiko kunakokukatia mchoro: unauona waya katikati, bila mwanzo wala mwisho. Kioo hakipendi kidole chenye grisi, na katikati ya kuseti tapeti simu inaita, ni mwenye pikipiki anauliza bado. Isitoshe, simu huibwa. Kitabu hiki kilichoibwa hakiibiki. Hakuna kibaka aliyewahi kukikimbilia. Mtu atanikumbusha kuwa mwaka 2020 Haynes yenyewe ilitangaza kuacha kuchapisha miongozo mipya ya gereji kwenye karatasi, ikibakiza ya zamani. Nimesikia. Maana yake ni kwamba mwongozo wa kesho utasomwa mtandaoni kwa malipo, kwa nywila na kadi ya benki, na fundi wa chini ya mwembe ataendelea kuhitaji karatasi inayovumilia mvua na kukanyagwa.

Imebaki haki ya mwandishi, na hapo utani unapungua. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 na ya Kenya ya 2001 hazimruhusu mtu kutoa kopi ya kitabu kizima na kuiuza. Aliyefungua injini ile nati kwa nati alistahili malipo yake, wala mwembe haufuti deni. Ila tukidai, tudai kwa mpangilio. Wa kwanza kupelekewa hati ni viwanda vya Chongqing, huko China, vilivyouza injini bila mwongozo wa ufundi, vikijua kuwa mtu mwingine ameshauandika. Wa pili ni waagizaji walioshusha makontena bila kuuliza kitabu kiko wapi. Mwenye steshenari naye aandikwe, lakini mwishoni kabisa, maana ukurasa wa tapeti ulipotoka hafifu aliurudia bila kutoza hela.