Barua ya wazi kwa Operation Dudula: njooni mkague wageni wa Mazimbu

Kwa Viongozi wa Operation Dudula,
Soweto, Afrika Kusini.

YAH: OMBI LA UKAGUZI WA WAGENI WALIOKAA MAZIMBU, MOROGORO, KUANZIA MWAKA 1978

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa kawaida wa Morogoro, mji uliojilaza chini ya milima ya Uluguru. Sina cheo chochote. Nimejipa moyo wa kuwaandikia kwa sababu hata nyinyi, nijuavyo, hamkupewa cheo na mtu. Mlianzia Soweto mwaka 2021, mkajigawia kazi ya uhamiaji, mkaongeza na ya ubawabu wa zahanati, na mwaka 2023 mkawa chama cha siasa. Watu wenye bidii namna hiyo hawawezi kukosa dakika chache za kusoma barua ya jirani.

Habari za kazi yenu zimetufikia. Mwaka 2025 tuliwaona kwenye taarifa za habari mmesimama milangoni mwa zahanati za umma, mkidai vitambulisho kwa wagonjwa kabla hawajamfikia muuguzi, na asiye navyo mkimgeuza arudi alikotoka. Kisha Novemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Johannesburg ikawapiga marufuku. Poleni sana. Lakini kwa kuwa sasa mna nafasi, mimi nina kazi kwa ajili yenu. Huku kwetu kuna jalada la wageni ambalo halijawahi kukaguliwa na mtu, na wahusika ni vijana wa mtaani kwenu.

Mnajua yaliyotokea Soweto tarehe 16 Juni 1976. Watoto wa shule waligoma kusomeshwa kwa Kiafrikana, polisi wakawajibu kwa risasi. Maelfu yao walivuka mipaka usiku, wakapitia Botswana, Swaziland na Msumbiji, na wengi wakaishia Tanzania. Mwaka 1977 serikali yetu ikakipa chama chao cha ukombozi, ANC, shamba la mkonge lililokuwa limetelekezwa hapa Mazimbu, nje kidogo ya mji. Mkuu wa mkoa wetu wakati huo, mama Anna Abdallah, anakumbukwa hadi leo kwa kuwasaidia kupata ardhi ile. Angeweza kuitisha maandamano. Sijui kwa nini hakuliwaza hilo.

Shule ilianza mwaka 1978. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Aprili, makaburu wakamnyonga kijana mpigania uhuru, Solomon Mahlangu, mjini Pretoria akiwa na umri wa miaka 22, na shule ikapewa jina lake. Ndiyo iliyojulikana kwa kifupi kama SOMAFCO.

Sasa naomba mzingatie wakati wenyewe, maana hapa ndipo sisi tulipowaangusha kitaaluma. Nimezisoma sababu zenu: wageni wanamaliza dawa, wanachukua kazi, wanajaza madarasa. Sababu hizo tulikuwa nazo zote, tena na za akiba. Oktoba 1978 Idi Amin alituvamia Kagera, tukaingia vitani. Vita ilipokwisha, Mwalimu Nyerere akatuomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Mikanda yenyewe ikawa haipatikani madukani. Sukari ilikuwa kwa foleni, sabuni kwa foleni, na ugali tuliokula ulikuwa wa unga wa yanga, yale mahindi ya msaada ya rangi ya njano ambayo hata mshabiki wa kutupwa wa klabu ya Yanga aliyala kwa kununa. Katikati ya foleni hizo wanatokea vijana kutoka Johannesburg, mji wenye magorofa na taa za barabarani, wamevaa jinzi. Na sisi tukawasogezea benchi.

Mkifika, anzieni getini. Vijana wale walikuwa wakipokea nguo za msaada kutoka Sweden, Norway, Uholanzi na kwingineko. Mjini kwetu wakati huo mitumba ilikuwa marufuku, tukiiita kafa Ulaya, na mwenye koti la namna hiyo alilivaa akiangalia nyuma. Basi usiku nguo zikawa zinashuka kutoka Mazimbu kwenda mjini, na ndizi, maembe, sigara na chupa za pombe zikawa zinapanda. Uongozi wa shule ulikataza, ukaadhibu, ukakataza tena. Mama wa Kiluguru aliyeshuka mlimani na ndizi zake alfajiri kuwahi soko alijua vizuri kwamba jinzi moja kutoka kwa mwanafunzi mwenye njaa ilikuwa na thamani kuliko mauzo ya siku nzima, na mwanafunzi naye alijua kwamba yule mama hatamwacha bila tunda la nyongeza. Hawakuwa na lugha moja. Bei walipatana kwa vidole. Biashara hii haikuwa na leseni, haikulipiwa ushuru, na ndiyo iliyozaa urafiki wa kwanza kati ya mji na shule. Tafadhali iandikeni kwenye ripoti.

Mtakuta pia kosa la upande wetu. Vijana walipofika na kusikia wimbo wetu wa taifa, walijikuta wanauimba kwa maneno ya kwao. Ile sauti ilitungwa na Enoch Sontonga, mwalimu wa Johannesburg, mwaka 1897. Yaani watoto wetu wanasimama mstarini kila asubuhi na kuimba kitu cha kigeni bila kibali. Na kama mna nia ya kwenda mbali zaidi, Wangoni wa Songea walitoka huko kwenu katika karne ya 19, wakavuka Zambezi mwaka 1835, na mpaka leo hawajaonyesha dalili ya kurudi. Lakini hao ni wengi, na sisi watani zao tungependa wabaki ili tupate wa kuwatania.

Kutoka getini nendeni hospitali. Mtakapofika hapo mtajisikia nyumbani.

Johannesburg iko juu na ina baridi; malaria haikai. Vijana waliotoka huko walipoangukia bonde la Morogoro, joto limewakaba na masika yanakaribia, mbu wa Mazimbu ndiye pekee aliyewapokea kwa ukali, na hata yeye hakuuliza pasi. Walianguka kwa homa mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1984 ikafunguliwa hospitali yao, ikaitwa Hospitali ya Mshikamano ya ANC na Uholanzi. Ilijengwa na wageni, kwa fedha za wageni wengine, kwenye ardhi ya wenyeji. Leo wanaotibiwa pale ni sisi, majirani wa Mazimbu. Kwa hiyo nawaomba mtusaidie kitaalamu: mlangoni hapo nani amzuie nani? Mluguru aonyeshe kitambulisho kwa kuwa jengo ni la Wasouth, au Msouth aonyeshe kwa kuwa ardhi ni ya Mluguru? Mkishakubaliana mtujulishe, wagonjwa wanasubiri kwenye benchi.

Suala la ajira sitalirefusha. Majengo yalisimamiwa na mhandisi wao, Oswald Dennis, na mamia ya Watanzania walipata vibarua na ajira za kudumu kwenye ujenzi, shambani, jikoni na kwenye karakana ya samani iliyopewa jina la Vuyisile Mini. Wageni walitupa kazi. Najua hilo linavuruga hesabu zenu, ndiyo maana napita haraka.

Msije mkadhani tulikuwa malaika. Vilabuni ngumi zilipigwa. Vijana wetu waliona wivu kwa ajili ya wasichana, na wivu huo ulikuwa na sababu. Walikuwepo watu waliosema wazi kwamba wakimbizi hawa wanakula vizuri kuliko sisi tuliowakaribisha, na jamani, kwa habari ya nyama walisema kweli, maana shule ilikuwa na ng'ombe na nguruwe wake. Manung'uniko yote mnayoyabeba nyinyi kwenye mabango yalisemwa hapa kwenye foleni ya sukari. Tofauti ni kwamba kwetu hakuna aliyeyasajili kuwa chama.

Na sababu kubwa kuliko zote tuliipata tarehe 12 Aprili 1984. Siku hiyo Waziri Mkuu wetu, Edward Moringe Sokoine, alifariki kwa ajali ya barabarani huku Dakawa, akitokea Dodoma. Dereva wa gari lililogongana na msafara wake alikuwa mpigania uhuru wa ANC. Dakawa ndiko chama hicho kilikopewa eneo la pili mwaka 1982. Nchi nzima ililia, hata wanaume waliokuwa hawajulikani kwa kulia. Hapa sitanii. Kama mngekuwepo nyinyi, mngeshindwa kuitumia siku hiyo? Mji wote ungeweza kuelekea Mazimbu na mapanga kabla jua halijazama. Dereva alipelekwa mahakamani, kama anavyopelekwa dereva yeyote, na wanafunzi wa Mazimbu wakaendelea na masomo. Mwaka uliofuata Oliver Tambo akaja kuizindua rasmi shule, tukampigia makofi.

Mwaka uleule wa ajali, 1984, Morogoro ilipata chuo kikuu, kikaitwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. ANC walipokabidhi Mazimbu kwa serikali yetu Julai 1992, chuo hicho ndicho kilichopewa majengo. Hivyo leo mwanafunzi anayesoma pale anasoma Sokoine, katika Kampasi ya Solomon Mahlangu. Majina yote mawili yako kwenye bango moja. Vijana wa nchi nyingine za Afrika wanaosoma hapo leo wanapita chini yake kila siku wakiwaza mtihani na bei ya chipsi, kama inavyopasa.

Nakuja sasa kwenye ukaguzi ambao ndio hasa umenifanya nishike kalamu.

Vijana wale walikaa miaka, na kijana akikaa mahali miaka hakai mikono mfukoni. Walipenda, wakaoa, wengine walizaa bila kuoa. Baada ya Februari 1990, Mandela alipotoka gerezani na ANC kuruhusiwa, safari za kurudi zikaanza. Wapo wanawake wa Kitanzania waliofuatana na waume zao hadi Afrika Kusini. Wapo walioahidiwa barua, na barua nyingine hazikufika. Watoto wakabaki Morogoro, wakiitwa kwa majina ya Kizulu na Kixhosa ambayo walimu wa shule za msingi waliyaandika kwenye daftari la mahudhurio kwa kila namna ila iliyo sahihi.

Hakuna aliyewageuza mlangoni. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na shamba hufuata ukoo huohuo. Aliyezaliwa na binti wa Kiluguru, baba yake awe wa Soweto au wa mwezini, alikuwa na ukoo wake, na wajomba, na sehemu ya kulima mlimani tangu siku ya kwanza. Bibi hakuomba cheti. Mtoto aliogeshwa, akalishwa uji, akatumwa dukani kama wenzake. Watoto hao sasa ni watu wazima wenye familia, na baadhi yao wana sura na kimo ambacho ukikiona pale stendi ya Msamvu unajua baba zao hawakuzaliwa kijijini Matombo.

Kuna wengine hawakurudi kabisa. Makaburi yao yako Mazimbu, yamepangwa vizuri na yana majina. Hawa nawakabidhi kwenu kama walivyo: hawana pasi, hawana vibali, na wamezidisha muda wa kukaa kwa miaka mingi sana. Mkitaka kuwafukuza, makaburi hayana bawabu.

Ndugu viongozi, mwaka 2008 zaidi ya watu 60 waliuawa katika vurugu za kuwawinda wageni nchini mwenu, vurugu zikarudi mwaka 2015 na tena 2019. Sisi hatukuwaletea ankara ya Mazimbu. Uhuru haukuwa mkopo, na Mwalimu hakuwahi kutuambia tuweke risiti. Lakini nawatumia ombi moja, na hili halina mzaha ndani yake.

Baadhi ya watoto wale waliobaki wamekuwa wakija huko kuwatafuta baba zao, na wengine watakuja. Watateremka Park Station, Johannesburg, wakiwa na picha ya zamani, jina la ukoo na labda jina la mtaa. Kiingereza chao kina lafudhi ya Kiswahili, Kizulu chao ni cha maneno machache waliyoachiwa na mama aliyeyasikia kwa baba. Kitambulisho cha Afrika Kusini hawana. Mmoja wao akiugua akafika kwenye zahanati ya Diepkloof au Orlando, na vijana wenu wakawa wamerudi mlangoni licha ya amri ya mahakama, muwaambie wampishe. Huenda mzee aliyekaa kwenye foleni mbele yake ndiye anayemtafuta.

Wenu katika ujenzi wa Afrika,

Mkazi wa Morogoro.