Chokaa ya Bi Mkubwa

Mume wangu alizaliwa Mombasa na utoto wake wote aliogelea Bahari ya Hindi bila kutoa hata senti. Ilibidi aje kuishi Toronto, kwenye theluji, ndipo aanze kuinunua bahari kwa fedha taslimu. Alinunua tangi la kioo la lita 200. Akanunua mtambo wa kuyachuja maji ya mfereji mpaka yasibakie na kitu, halafu akanunua chumvi ya kuyatia maji hayo hayo: gramu 35 kwa kila lita, kilo saba kwa tangi zima. Mamake, Bi Mkubwa, aliyekuja kukaa nasi msimu huo wa baridi, alimwona akiikoroga ile chumvi kwa mwiko wangu wa ugali, akanigeukia.

"Mwanangu," aliniuliza polepole, "huyu hajambo?"

Nilimjibu kuwa hajambo, ni mapenzi ya matumbawe tu. Na kusema kweli tangi lilipendeza. Nje baridi inakata masikio, ndani ya kioo maji yako nyuzijoto 26, samaki wawili wa rangi ya chungwa wanakimbizana, na matumbawe laini yanapepea chini ya taa ya buluu. Watoto waliacha hata kugombania televisheni.

Balaa liliingia limepanda juu ya tumbawe dogo alilouziwa baba watoto na mwenzake wa mapenzi hayo. Kitinda mimba wetu ndiye aliyeliona kwanza. "Baba, kuna mnazi umeota!" Tukasogea sote. Kweli, chini ya lile tumbawe palisimama kitu kisichofika urefu wa ukucha: shina jembamba la kahawia linalopenya mwanga, na juu yake kichala cha minyiri. Mnazi mtupu. Baba watoto alifurahi, akasema bahari yake imeanza kuzaa. Akamlisha kipande cha kamba kwa kibano.

Jina lake ni Aiptasia, naye si mmea. Ni anemoni, mnyama mwenye sumu ya kuchoma kwenye minyiri, na kila tumbawe alilokaa jirani nalo lilianza kujikunja na kusinyaa. Mwilini anafuga mwani mdogo sana unaomtengenezea chakula kutokana na mwanga, kwa hiyo taa ile ya bei kubwa iliyonunuliwa kwa ajili ya matumbawe ilimnenepesha na yeye. Baba watoto alitusomea mezani kwamba wanasayansi humfuga makusudi kwenye maabara, maana mwani wake ni wa jamii moja na ule wa matumbawe, na ni mgumu kufa. Kwake wanachunguza kwa nini matumbawe hupauka bahari ikipata joto. Yuko pia mwenzake msumbufu, Anemonia manjano, ambaye Mswidi Oskar Carlgren alimwandika mwaka 1900 katika utafiti wake wa anemoni wa Afrika Mashariki.

"Basi huyo wa kwetu," akasema Bi Mkubwa, akajiongezea mchuzi.

Shambulio la kwanza lilikuwa la kisu. Baba watoto alikunja mikono ya shati akamkwangua mnazi kwenye jiwe mpaka pakabaki peupe, akaenda kulala na moyo mkunjufu. Hakujua kwamba Aiptasia huzaliana kwa kuachilia vipande vya wayo wake, na kila kipande, hata kidogo namna gani, huota mdomo na minyiri kikawa mnyama kamili. Ukimkwangua umempanda. Haukupita muda mrefu, jiwe lilelile likawa shamba.

La pili lilitoka jikoni kwangu. Aliteka siki na maji ya ndimu kwa bomba la sindano, akawa anawadunga mmoja mmoja. Aliyepatikana mdomo wazi alikufa kweli. Lakini wengi, wakigutushwa tu, hujivuta ndani ya tundu la jiwe na kutema nyuzi nyeupe zenye sumu, kisha husubiri mpaka adui achoke. Baba watoto alichoka. Ndimu zangu za kachumbari zilikuwa zimekwisha siku nyingi.

La tatu sikulikubali. Nilimkuta amesimama mbele ya jiko, ameshika sufuria yangu ya pilau kwa mkono mmoja na jiwe linalochuruzika maji kwa mkono wa pili. Anasema atalichemsha, wafe wote. Nilikuwa bado natafuta maneno kuhusu sufuria wakati simu yake ilipolia. Ni yule yule aliyemuuzia tumbawe, na akamkataza kwa ukali kunishinda. Juu ya mawe ya namna ile huota viumbe wa jamii ya Palythoa, na baadhi yao wana palitoksini, mojawapo ya sumu kali kabisa zitokazo kwa kiumbe hai. Kuchemsha hakuivunji nguvu, na mvuke wa mawe kama hayo umewahi kuwalaza hospitali watu wa nyumba nzima. Jiwe likarudi majini. Sufuria niliiosha mara mbili, kisha nikaificha.

Ndipo akaamua kuajiri askari. Wako kamba wa jenasi ya Lysmata, wembamba, wenye mistari myekundu, ambao hula Aiptasia. Alikwenda dukani akarudi na wawili kwenye mfuko, akatuita tushuhudie. Bi Mkubwa, ambaye amesafisha kamba maisha yake yote, alivaa miwani akasogeza uso kwenye kioo.

"Hawa wana kibiongo," alisema. "Na hii mistari myeupe ya nini?"

Mwanawe akamwambia mama, hawa si wa kupika. Asubuhi iliyofuata, minazi ilikuwa imesimama kila mmoja mahali pake, na matumbawe laini yametafunwa kingo. Muuzaji alikuwa amempa Rhynchocinetes durbanensis, kamba mwenye kibiongo na madoadoa meupe, ambaye huchanganywa kirahisi kwenye beseni moja na yule mwingine na ambaye chakula akipendacho ni matumbawe yenyewe. Kuwakamata kulihitaji kutoa mawe yote. Sebule yetu ikajaa ndoo, taulo na harufu ya pwani wakati maji yanapokupwa. Bi Mkubwa alisema kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege anajisikia yuko nyumbani.

Kitatange mwenye mdomo mrefu, Chelmon rostratus, naye alitajwa. Anawala hawa anemoni vizuri, lakini anataka tangi kubwa kuliko letu, na mara nyingi akishafikishwa ugenini hugoma kula mpaka afe. Nilisema mgomo wa kula ndani ya nyumba hii unatosha wa watoto.

Vita viligeuzwa na mfuko wa unga mweupe. Baba watoto alikuwa nao kabatini, hutia kidogo kidogo kwenye maji ya kujazia ili matumbawe yapate kalsiamu ya kujengea mifupa. Usiku mmoja aliuacha wazi mezani, karibu na kijaluba cha mamake cha tambuu. Bi Mkubwa alichota unga kwa ncha ya kidole, akausugua, akaunusa.

"Unanunua chokaa dukani?"

"Hii ni hidroksidi ya kalsiamu, mama."

"Ni chokaa. Mimi naipaka kwenye tambuu kabla babako hajanioa. Nikiizidisha, mdomo unababuka. Hao wako hawana midomo?"

Mwana akanyamaza. Kumbe dawa ya chupa aliyokuwa akiitamani, ile ya bei ya kutisha, nyingi za aina yake hutegemea ukali huo huo wa chokaa. Bi Mkubwa akadai kibakuli, akatia unga na maji kidogo, akaupiga mpaka ukawa mzito usiotiririka. Akaamrisha pampu zizimwe ili maji yasimame. Akashika bomba la sindano, akalishusha pembeni taratibu, akangoja. Mnazi ukafunguka. Akamwekea chokaa juu ya mdomo kama tone tu. Mnyama mwenyewe akajifunga nayo, akaila. Baada ya dakika chache palibaki kijivimbe cheupe kisichotikisika.

"Haya, mwingine," mume wangu akasema.

"Kesho," akajibu mamake, ingawa alimalizia wawili watatu zaidi. Hapo mwana alimuunga mkono: chokaa hupandisha pH, na ukiitia nyingi kwa mpigo unaua samaki pamoja na adui. Ikawa kazi ya kila usiku baada ya isha. Bi Mkubwa na sindano, mwanawe na tochi, watoto wakionyesha kwa vidole.

Hata hivyo minazi iliendelea kuota, na ndipo ulipofanyika uchunguzi wa pili, huu wa ndani ya familia. Mwani wa Aiptasia humlisha kwa mwanga, lakini mabaki ya chakula ndiyo humfanya azae kwa fujo. Baba watoto alikuwa akilisha samaki asubuhi. Ikabainika kwamba kila mtu mwingine, kwa wakati wake na kwa siri, alikuwa akiwalisha pia. Majina sitayataja, ila mmoja wao aliwatupia samosa. Chakula kikafungiwa kabatini na ufunguo akapewa Bi Mkubwa. Minazi ikapungua mpaka ikawa ya kutafuta.

Bi Mkubwa amesharudi Mombasa, na mwanawe, asiyeweza kukaa bila mradi, amenunua konokono wa Berghia, wasio na kombe, wadogo, wenye manyoya manyoya mgongoni. Hawa hawali kitu kingine duniani ila Aiptasia. Wakimaliza waliopo, wanakufa njaa. Kwa hiyo kaweka gudulia la maji ya chumvi, akalitilia taa yake, na ndani yake anawapanda minazi wale wale. Anawalisha kwa kibano, na safari hii makusudi.

Mamake alipoonyeshwa kwenye simu alitazama kwa muda. "Yaani adui umempangishia chumba," alisema. Nilimrekebisha kwamba si chumba chochote. Jikoni nimelikataa lile gudulia, sebuleni hapana nafasi, kwa hiyo liko chumbani, upande wake wa kitanda, na taa ya buluu inazimwa saa nne za usiku, si dakika moja zaidi.