Koki Yetu Imevaliwa

Kwetu kitu kikipotea hatuulizi kimeibwa na nani. Tunauliza kimevaliwa na nani. Kufuli la banda la kuku lilitangulia, koki ya bomba la uani ikafuata. Vyote viwili ni shaba ya manjano, ile iliyochanganywa na zinki, na mafundi wa Gerezani, hapa Dar es Salaam, wanajua kuiyeyusha na kuisubu ikawa bangili, na mke wangu anauza mapambo. Siku hizi nikipewa mkono na mteja wake natazama kwanza kifundo. Bomba tumeliziba kwa gunzi la muhindi.

Mama watoto hanunui malighafi, anaokota. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, Juni 1, 2019, wenzetu walifurahia mitaro kupumua. Kwetu kulikuwa na matanga, maana rambo za rangi ndizo zilizokuwa uzi wake wa kufumia mikufu. Akahamia kwenye vizibo vya soda na bia. Hapo nikaingizwa kazini mimi, ambaye kinywaji changu kikali ni chai ya tangawizi. Alfajiri, kabla mhudumu hajafagia, naingia baa. Natoka mifuko ya suruali ikilia kama njuga. Mzee mmoja wa msikitini alinivumilia, mwisho akanivuta pembeni.

“Mwanangu, ulevi ni mtihani. Lakini saa kumi na mbili asubuhi?”

Nikatoa vizibo nimwonyeshe. Akavitazama, akanitazama.

“Kumbe na hesabu unaweka!”

Waya wa shaba nao una kesi zake. Anaupata kwa mafundi wanaosuka mota zilizoungua, kwa halali kabisa, ila mjini hapa ukibeba rundo la shaba begani watu wanafikiria kwanza ni mtaa gani umekatika umeme. Mgambo alitusimamisha. Mke wangu, badala ya kujieleza, akakaa kwenye jiwe akamsukia pete palepale. Ushahidi ukamtosha, akaondoka nao kidoleni.

Sasa, waya wa mota hupakwa vanishi ili mizunguko isigusane, na vanishi hiyo ndiyo pia inayoikinga shaba na hewa. Mama watoto alikuwa ameikwangua kwa msasa apate mng'aro. Jasho la Dar es Salaam mwezi wa pili si la kuchezea. Tulipokutana tena na mgambo alikuwa na kidole cha kijani na sura ya mtu aliyerogwa. Nikamwambia ni kutu tu, atafute ndimu na chumvi. Akainamisha kichwa kwa heshima, akauliza kama anywe au aoge.

Lakini hakuna kilichozua maneno kama rezista. Ni vile vidude vya kwenye mbao za redio, vyembamba, vyenye mistari ya rangi. Asiyevijua ataapa ni shanga, na kwa kweli ni shanga nzuri kuliko nyingi zinazouzwa. Mke wangu alizitundika masikioni akaenda nazo harusini. Meza yetu tulikaa na fundi redio wa mtaani na mkewe. Pilau ikaletwa, fundi hakuigusa. Macho yalikuwa yameganda kwenye masikio ya mke wangu. Mara la kulia, mara la kushoto, kisha la kulia tena. Mkewe akaanza kukohoa. Mimi nikaanza kukunja mikono ya shati.

“Shemeji, uniwie radhi,” akasema fundi. “Manjano, zambarau, nyekundu: sikio la kulia una omu 4,700. La kushoto ni kahawia, nyeusi, nyekundu. Omu 1,000 tu! Unawezaje kukaa hivyo?”

Mke wangu akajishika masikio, kama vile kweli moja lilikuwa linamlemea.

“Hiyo ya kulia niuzie,” fundi akanong'ona. “Kuna redio ya mteja inaisubiri.”

“Siuzi moja. Jozi ni elfu nane.”

“Elfu nane? Dukani rezista ni shilingi mia!”

“Basi, fundi, nenda ukavae za dukani.”

Fundi akarudi kwenye pilau. Mkewe, ambaye kikohozi kilikuwa kimepona, akafungua pochi. Redio ya mteja, nasikia, mpaka leo haijaimba.